Mkurugenzi wa Ukuta wa Ngazi

Mtu anayekuja kupanga chumba huanza kwa kulia. Kodi kubwa, chumba kidogo, dirisha linatazama choo cha jirani. Mama Kona alikuwa ameyasikia hayo yote mpaka yamemchosha masikio, na kila kilio alikuwa na jibu lake tayari. Kwa hiyo siku fundi feni alipokuja kutazama chumba cha juu kabisa, mama alikunja mikono kifuani akasubiri kilio kianze.

Hakikuanza. Fundi hata hicho chumba hakukitazama. Alisimama katikati ya ngazi, shingo kaipinda juu kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe, anaukodolea macho ukuta.

"Baba, chumba kiko huku," Mama Kona akamwambia.

"Nimekiona, mama."

"Umekiona kwa kipi, kisogo?"

"Nakichukua. Kodi iwe hiyo hiyo uliyosema. Ila nina ombi moja."

Hapo mama akatega sikio. Kwa uzoefu wake, mtu anayekubali bei bila kubishana ama ni mwizi, ama kuna kitu kingine anachokitaka kuliko kile kinachouzwa. Huyu hakuwa na sura ya wizi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, vidole vimejaa weusi wa grisi, shati safi lililochakaa kolani.

"Sema."

"Muda wote nitakaokuwa mpangaji wako, huu ukuta wa ngazi usipakwe rangi. Nyufa zisizibwe. Na hii balbu ya njano isibadilishwe kuwa ya aina nyingine."

Mama Kona akautazama ukuta wake. Rangi ilishabanduka kitambo, imebaki mabaka mabaka. "Kuna nini hapa?"

"Mijusi kafiri, mama. Nawasoma."

"Unawasoma? Wameandikwa nini?"

Fundi akacheka, lakini hakurudi nyuma. Mama naye hakucheka sana, maana akili yake ilishaanza kazi. Akamwambia ukuta wake si wa bure. Akitaka uachwe ulivyo, basi afagie ngazi zote, juu mpaka chini, na pampu ya maji ikiharibika aitengeneze yeye. Fundi akakubali kabla sentensi haijaisha. Wakapeana mikono mbele ya mdogo wake Mama Kona, ambaye wapangaji wote humwita Mjomba, na karatasi haikuandikwa.

Mama Kona hakuhitaji karatasi. Alianza biashara kwa kutandika nguo za mitumba kwenye turubai kando ya barabara, na wenye marobota walikuwa wakimpa mzigo kwa neno lake tu. Nyumba hiyo ya kona, iliyompa jina, aliijenga hivyo hivyo: saruji kwa neno, nondo kwa neno, ghorofa moja ikikaa miaka ikisubiri nyingine. Siku ile alishuka ngazi akijipongeza. Ameuza ubovu, kalipwa ufagio na pampu.

Fundi akahamia. Mchana alikaa kwenye kibanda chake cha chini, akifungua feni, pasi na mashine za kusagia matunda. Jioni, balbu ya njano ikishawashwa, alipanda na kigoda chake mpaka pale ngazi zinapokata kona, akaketi. Kila mjusi alikuwa na nukta mgongoni, ya rangi ya kucha, ili amjue nani ni nani. Mjusi akijichubua ngozi, nukta inaondoka na ngozi, na fundi inabidi amvizie upya.

Wapangaji walimfanya mzaha wao. "Fundi, huyu mwekundu anaolewa lini?" "Fundi, mke wangu anauliza, kope hubandiki?" Yeye alicheka nao, akaendelea kutazama. Alichokitafuta kilikuwa kitu kimoja tu: je, kila mjusi ana mahali pake pale kwenye mwanga, na akiondoka, nani anarithi mahali hapo, na kwa nini huyo na si mwingine? Aliwahi kusoma chuo, sayansi ya viumbe, akaacha katikati baba yake alipofariki na wadogo zake wakabaki mikononi mwake. Wadogo wakakua, wakatawanyika. Yeye akabaki na feni.

Na akabaki na mtandao. Siku moja alimwonyesha Mama Kona kwenye simu. Kuna mahali huko ndani ambapo watafiti hufungua kurasa zao, kama vile wengine wanavyofungua za kuuzia viatu. Mtu anaweka kazi yake, wenzake wanaisoma, wanauliza, wanabisha, wanamfuata, na ukurasa unapewa alama.

"Huyu hapa yuko ng'ambo, ameniuliza swali jana," fundi alisema, macho yanang'aa.

"Amekulipa?"

"Ameniuliza swali, mama."

Mama Kona alimrudishia simu. Hakuona faida, lakini hakumdharau. Kila mtu ana soko lake.

Mambo yalienda hivyo miaka kadhaa mpaka daktari wa meno alipojitokeza. Alikuwa anatafuta mahali pa kuhamishia kliniki yake, na ghorofa ya kati ya Mama Kona ilikuwa tupu. Mpangaji kama huyo ni ndoto ya kila mwenye nyumba: hapiki, halali hapo, hana watoto wa kuchora kutani, na analipa kwa mwaka. Alikagua vyumba akaridhika. Kisha akasimama kwenye ngazi.

"Mama, mgonjwa wangu ataanza kuumwa hapa kabla hajanifikia."

"Tatizo nini, daktari?"

"Ukuta huu. Taa hii. Na hiki kilichonipita juu ya kichwa ni nini?"

Akataka rangi nyeupe toka mlango wa chini mpaka juu, nyufa zizibwe, taa nyeupe kila kona. Bila hivyo, kuna jengo jingine karibu na soko, analiangalia.

Mama Kona akashuka mpaka kibandani. Akamwambia fundi wazi kuwa anautaka ukuta wake. Fundi hakuinua macho kwenye koili aliyokuwa anaizungusha.

"Tulipeana mkono, mama."

"Nitakuongezea kibanda, upanue mpaka pale kwenye nguzo."

"Sihitaji nguzo."

"Nikupe ukuta wa nyuma, ule wa tangi. Na huko mijusi wapo."

"Wale siwajui."

Mama alipanda juu ameudhika, akamweleza Mjomba. Mjomba alikuwa anakula karanga, akazitafuna polepole. "Mpe notisi atoke."

"Halafu?"

"Halafu upake rangi."

"Na mwenye saruji akisikia kuwa nilimtoa mtu ili kukimbia neno langu, kesho atanipa mzigo kwa kitu gani? Kwa uzuri wa sura yangu?"

Mjomba akaacha kutafuna. Mama Kona akajiona kwa mara ya kwanza amebanwa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kila alipopanda ngazi, ukuta ule ulimtazama na mabaka yake kama mdeni anayejua huwezi kumfanya kitu. Kila jioni alipita kando ya kigoda cha fundi, wakasalimiana kwa adabu kabisa, na adabu ile ilimkera kuliko tusi. Daktari alipiga simu, akaambiwa asubiri kidogo. Akapiga tena. Sauti yake sasa ilikuwa fupi.

Ndipo fundi alipomgongea mlango mwenyewe, saa za asubuhi, kibanda kimefungwa. Binti mkubwa wa Mama Kona, mhasibu wa kampuni moja ya usafirishaji, alikuwa amekuja kumjulia hali mama yake. Fundi akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mama, nina jambo. Usikasirike kwanza."

"Nikasirike kwanza au baadaye, faida ni ile ile. Sema."

"Wewe ni mkurugenzi."

"Wa nini?"

"Wa Kituo cha Utafiti cha Kona."

Binti akatoa kicheko, akajiziba mdomo. Mama akamgeukia fundi taratibu, akangoja.

Fundi akaeleza. Ule mtandao wa watafiti, siku alipojiandikisha, ulimuuliza taasisi yake. Akaacha pengo, ukakataa kwenda mbele. Akaandika kuwa yeye ni mtafiti huru, ukamkubali, lakini ukamtupa kwenye lundo la watu wasio na mahali, ambako hakuna anayewatafuta wala kuwasoma. Basi akafikiri: utafiti unafanyika wapi? Kwenye nyumba ya kona. Akaandika hivyo. Kisanduku kilichofuata kikauliza mkuu wa taasisi. Akafikiri tena: ukuta ni wa nani? Akaandika jina la mama.

"Sikuona uongo hapo," alisema. "Mpaka leo nautafuta siuoni vizuri."

"Mimi nauona," binti akasema.

"Bado sijamaliza, dada. Wengine wamejiunga."

"Wengine gani?"

"Wasio na taasisi kama mimi. Wanaona jina kwenye orodha, wanaomba, mimi nakubali. Ningewakatalia vipi? Yupo mfamasia mstaafu anayepima mvua. Yupo mwalimu anayesoma magamba ya konokono. Mlinzi wa ghala anayefuatilia bundi. Mama mmoja mwenye watoto wachanga, yeye ukungu wa mkate. Wako nchi mbalimbali. Sasa ni wengi."

Mama Kona akafikiri. "Wote hao wanakaa kwangu?"

"Kwa jina, mama."

"Na hawalipi kodi."

"Hapana."

"Endelea."

Tatizo lilikuwa hivi. Kazi za watu wale zikikusanywa pamoja, kituo kilipanda alama mpaka kikapita vyuo vyenye majengo na magari. Chuo kimoja kikalalamika. Wenye mtandao sasa wanataka kukihakiki: mkurugenzi aonekane kwa simu ya video, mahali penyewe paonekane, la sivyo ukurasa wa kituo unafungwa na kurasa zote zilizo chini yake zinafungwa nao. Kila aliyeazima kazi zao na kuzitaja atakuta mlango umefungwa. Na kulikuwa na kundi la watafiti wa ng'ambo linaloandika makala moja kubwa ya pamoja kuhusu mijusi wa majumbani. Fundi alikuwa ndani ya makala hiyo, jina lake na la kituo. Kituo kikianguka, anatolewa.

"Waambie ukweli," binti akasema. "Sema ni nyumba ya kupanga."

"Nikisema mimi, watafunga siku hiyo hiyo. Nikikaa kimya, watafunga wiki ijayo. Nikijitoa peke yangu, mimi ndiye msimamizi, kinafungwa vile vile." Akafungua viganja vyake vyeusi. "Kila nikigeuka nakuta ukuta, dada."

Mama Kona aliinuka, akaenda dirishani. Hakuna aliyemharakisha. Kwa mtu aliyemjua, mgongo ule ulikuwa mgongo wa mtu anayekagua robota kabla hajalifungua. Akageuka.

"Nitakuwa mkurugenzi. Nipe ukuta wangu."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Mama, bila ukuta nitakuwa mtafiti wa nini?"

"Na bila huo ukurasa utakuwa mtafiti wa nani? Utakaa pale na kigoda chako, utawajua mijusi wote kwa majina, na hakuna atakayekuuliza swali. Ulikaa hivyo zamani?"

"Nilikaa."

"Ulipenda?"

Fundi akasimama. Aliaga, akatoka.

Siku ile hakufungua kibanda. Mama Kona alipokuwa akishuka mchana alimkuta ameketi kwenye kigoda, saa ambazo hakuna mjusi hata mmoja, jua linapenya kidirishani na ukuta uko mtupu, mabaka na nyufa tu. Alipisha miguu ili mama apite. Aliporudi kutoka sokoni alimkuta palepale. Mama hakumwonea huruma, lakini hakumpita. Aliweka kikapu chini, akaketi ngazi ya juu yake, maana biashara ambayo haijafungwa humwasha.

"Nusu," fundi akasema bila kugeuka. "Paka chini, juu uniachie."

"Daktari anataka taa nyeupe mpaka juu. Umeniambia mwenyewe, wanafuata ile ya njano kwa sababu ya wadudu wake."

"Basi upande mmoja."

"Mgonjwa wa meno ana macho mawili."

Fundi akacheka bila kutaka. Kisha akanyamaza. Mama Kona aliijua ile hali ya kunyamaza. Ni pale mtu anapokuwa ameshauza, anatafuta tu namna ya kubeba hasara yake hadharani.

"Kuna mayai kwenye nyufa," hatimaye alisema. "Yaachwe yaanguliwe. Halafu ndiyo mzibe."

"Yakianguliwa tu."

"Na ufagio na pampu vinarudi kwako. Vilikuwa malipo ya ukuta."

Hilo mama hakulitegemea. Akalipima. Pampu ile ilikuwa kuukuu, na fundi aliijua kama mtu anavyomjua mkwewe msumbufu. Lakini alichokiuza mtu akikichukua tena, bei nayo inarudi. Hata yeye angedai hivyo. "Haya," akasema. Wakapeana mikono, bila Mjomba.

Jioni hiyo akampigia daktari wa meno. Alimwambia ukuta utapakwa, ila rangi nzuri haipakwi juu ya nyufa mbichi, angoje kidogo ukauke. Daktari akamsifu kwa kujali ubora.

Siku ya uhakiki mama alivaa vitenge vyake vya harusini. Binti alishika simu. Upande wa pili alitokea dada mmoja mchangamfu, aliyewekwa na wenye mtandao kushughulikia watu wanaozungumza Kiswahili. Mama Kona alikuwa ameapa kuwa hatasema uongo. Kwenye mitumba hakuwahi kuliita shati bovu zima, aliligeuza tu upande wake mzuri.

"Mkurugenzi, kituo chenu kipo kweli?"

"Nyumba imesimama, nimo ndani yake."

"Mnawapa nini watafiti wenu?"

"Mahali. Jina. Pesa sitoi."

"Na mnawapokea kwa vigezo gani?"

"Asiwe mgomvi, na awe anafanya kazi yake."

Dada akaandika, akitabasamu. "Wewe mwenyewe ni mwanasayansi?"

"Mimi ni mwenye jengo. Huko kwenu mkurugenzi lazima aijue kazi?"

Dada alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Si lazima, mama. Nimeona wengi. Naomba sasa nione utafiti unapofanyikia."

Binti akatembea na simu mpaka ngazini. Balbu ilikuwa imewashwa, nje kunaanza kuingia giza. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake. Juu ya ukuta walikuwa wametoka, mwekundu, wa buluu, wa zambarau, kila mmoja kwenye kipande chake, na mmoja mdogo asiye na nukta anajisogeza kwa hila ukingoni mwa mwanga. Dada wa kwenye simu akatazama muda mrefu.

"Pazuri sana," akasema. "Hili ndilo swali langu la mwisho, mkurugenzi. Mtaendelea kuutunza ukuta huu?"

Mama Kona akafungua mdomo, akaufunga. Akisema ndiyo, ametoa neno tena, mbele ya mashahidi, na daktari amekwenda. Akisema hapana, kituo kinafungwa, na fundi hana sababu ya kutoa ukuta. Aligeuza hilo shati pande zote, halikuwa na upande mzuri. Binti alimtazama mama yake. Hakuwahi kumwona akikosa neno.

"Uchunguzi wa ukuta huu umefika mwisho," fundi akasema kutoka kigodani. Hakumtazama yeyote. "Tunafunga msimu huu. Kituo kinaendelea na kazi za wengine."

"Ooh! Hongera basi kwa kukamilisha."

"Asante, dada."

Kituo kikapita.

Mayai yalianguliwa, ukuta ukapakwa, daktari wa meno akaingia. Ngazi sasa zinang'aa mpaka mtu anataka kuvua viatu. Mijusi walihamia ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya uzio, na mwenye duka hataki mtu akae na kigoda uani kwake. Fundi alijaribu kuwatazama kutoka dirishani. Walikuwa mbali, na walipojichubua ngozi hakuweza tena kumjua yeyote. Makala kubwa ya mijusi ilitoka, jina lake limo. Kuhakikiwa kumeufanya ukurasa wa kituo upande zaidi, na wasio na mahali wanazidi kujiunga. Jioni zake zote hukaa chumbani akiwajibu: bundi wa huyu, ukungu wa yule, mvua ya mzee. Ana alama nyingi kuliko zamani zote. Kazi mpya ya kwake mwenyewe hajaweka tangu siku ile.

Mama Kona alipata mpangaji aliyemtaka. Pamoja naye alipata cheo asichojua namna ya kukivua. Alipomtuma fundi amwondoe, mtandao ulijibu kuwa mkuu hawezi kuondoka mpaka atajwe mkuu mwingine wa mahali hapo hapo.

"Jiweke wewe," alimwambia.

"Mimi ni mpangaji tu, mama," fundi akamjibu, kwa adabu ile ile.

Kwa hiyo kila Jumamosi fundi hupanda na simu, na mama huvaa miwani, wapitie maombi ya watafiti.

"Huyu wa konokono anataka nini tena?"

"Likizo."

"Likizo ya kazi nisiyomlipa?"

"Anajifungua, mama. Anataka tu kujua kuwa nafasi yake ipo akirudi."

Mama Kona alitazama ile picha ndogo ya mwalimu, mtu ambaye hatamwona maishani.

"Mwambie ipo," akasema, akabonyeza kukubali.